Fungu Lililoliwa na Ndama

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekikata kitabu. Alikikata kwa wembe mpya, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kila alipovuta wembe alifumba jicho moja. Kilikuwa kitabu chake. Alikinunua akiwa chuoni, zamani hizo, riwaya nene ya Kiingereza yenye jalada gumu la rangi ya damu ya mzee, na tangu astaafu kilikuwa kabatini kwake kikisubiri mtu wa kukisoma. Wasomaji walipopatikana, sisi wanafunzi wake wa Kiingereza wa Jumamosi, tulikuwa wanane na kitabu kimoja.

Wazo la kukikata halikuwa lake. Lilitoka kwa mfugaji mmoja wa Mtowisa, kule bondeni, mtu mzima wa makamo, ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukuma yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa akipanda mlima kuja mjini kila wiki kwa shughuli zake, na Kiingereza alikuwa anakitafuta ili asome ripoti za shule za binti yake bila kumuuliza binti mwenyewe. Tulipokuwa tunagombana nani aanze kukaa na kitabu, yeye akasema, "Sasa mwalimu, sisi Krismasi nyumba nane tunachinja ng'ombe mmoja. Umewahi kusikia mtu analia kwamba ng'ombe ni mmoja?"

Basi kitabu kikagawanywa mafungu. Yeyote aliyewahi kugawana nyama ya sikukuu anajua fungu halifuati kiungo, linafuata macho: yote yalingane, mtu asije akanuna. Mwalimu akapima kwa rula, akakata mafungu manane ya unene mmoja, bila kujali sura inaishia wapi. Kila fungu likaanza katikati ya sentensi. Tukapiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia ya mfugaji, na sheria ikawekwa: kila mtu asome fungu lake nyumbani na kamusi, Jumamosi ya zamu yake awasimulie wenzake kwa Kiingereza, na ni marufuku kuchungulia fungu la mwenzio.

Mimi nilipata la nane. Mama mwenye duka, ambaye stoo yake pale Mazwi, mjini Sumbawanga, ndiyo ilikuwa darasa letu, akapiga makofi. "Haya, mwanangu kapata mkia!"

Nilicheka na wengine. Sikuwa najua bado kitabu kinahusu nini.

Niseme kwa nini nilikuwa pale, maana sikuwa mtu wa vitabu. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa ameanza kwa kubeba dagaa na migebuka kutoka Kasanga, kisha akavuka ziwa moja kwa moja, akahamia Mpulungu upande wa Zambia, akafungua kibanda cha vipuri vya injini za boti. Kule alinitafutia kazi kwa mama mmoja anayeshona sare za shule. Mama huyo alikuwa na sharti moja, kwamba nijue Kiingereza cha kutosha kuandika vipimo vya wateja na kuelewana nao. Nilitakiwa niwe nimefika kabla ya Desemba, ndipo kazi ya sare inapokuwa nyingi. Mume wangu alinipigia simu kila Jumapili na swali lake lilikuwa moja: "Unakuja lini?"

Na mimi nilikuwa na mama. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na ule ulikuwa mwaka wa pili. Akili yake ilibaki nzima, na ulimi ulirudi polepole, lakini hakuweza kujigeuza kitandani wala kujiosha. Kaka zangu wawili, mmoja Mbeya na mwingine Dar es Salaam, walikuwa na jibu lao tayari: "Wewe ndiye uliye karibu." Kana kwamba kuwa karibu ni cheo nilichokiomba. Niliwachukia kwa sentensi hiyo na bado sijawasamehe vizuri. Nilimgeuza mama kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke, nikashona kati ya kugeuza na kugeuza, na Jumamosi jirani alikaa naye saa tatu nikaenda kujifunza lugha ya kuondokea. Mama aliniuliza mara moja tu, "Kiingereza cha nini?" Nikamjibu, "Cha kazi." Hakuuliza kazi iko wapi.

Tulianza mwezi wa sita, Sumbawanga ikiwa kwenye baridi yake ile ya kukaa ndani na sweta mbili. Stoo ilikuwa na majora ya vitambaa mpaka darini, tukajibanza katikati yake, kidogo pakawa na joto. Mama mwenye duka alifungua kazi kwa fungu la kwanza. Wajukuu wake walizaliwa Ulaya na Kiswahili chao kilikuwa cha "bibi hujambo" basi, ndiyo maana aliamua kwamba kama mlima hauji, yeye ataufuata. Alisimama, akajitanda mtandio vizuri, akatusimulia kwa Kiingereza cha kusitasita.

Kulikuwa na mtengeneza mishumaa katika nchi ya baridi. Alianguka ngazi, mgongo ukavunjika, akawa wa kitandani. Alikuwa na binti mmoja. Binti anamlisha, anamwosha, anamgeuza. Kisha akaja mtu mwenye kutengeneza saa, akampenda binti, akahamia mji wa pwani mbali na pale, na sasa anamwita.

Mama mwenye duka alipofika hapo akapunguza sauti. Wote wakatazama karatasi zao. Mazwi ni ndogo. Nani asiyejua habari ya mama yangu, na nani asiyejua mume wangu yuko wapi? Nilihisi masikio yanawaka. Nilimtazama mwalimu kwa hasira nikidhani amekichagua makusudi, kumbe masikini alikuwa anakuna sikio lake akitafuta neno la Kiingereza la ngazi.

Sikungoja zamu yangu. Nilifika nyumbani, nikamgeuza mama, nikakaa kwenye cherehani na fungu langu na kamusi mbele yangu. Ukurasa wa kwanza ulianzia katikati ya sentensi, na katika sentensi hiyo binti tayari yuko mji wa pwani. Anatundika mapazia. Niliruka kurasa, nikarudi, nikatafuta neno kwa neno. Kurasa arobaini nzima mtu huyu anaishi. Anagombana na mumewe juu ya mahali pa kuweka meza, anazaa mtoto, anajifunza kuoka mikate ya watu wa huko pwani, na kitabu kinakwisha akiwa anacheka na jirani. Nikaanza kumtafuta baba yake. Niliweka rula chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Neno "baba" nililiona mara moja tu, na alikuwa baba wa yule wa saa.

Hakutajwa kufa, hakutajwa kuishi wala kuuguzwa na mtu mwingine. Binti hakumlilia hata mara moja. Nilikaa pale nikiwa na wivu, na niliona aibu kumwonea wivu mtu wa kitabuni. Alikuwa amefanikiwa kutoka. Kitu pekee nilichotaka kujua ni jinsi alivyotoka, na hicho hakikuwa kwangu. Kilikuwa kwenye fungu la saba.

Fungu la saba alikuwa nalo mfugaji.

Kwa miezi iliyofuata nilikuwa mwema kwa mtu yule mpaka mwenyewe akashangaa. Nilimwekea nafasi karibu na mlango kwa sababu ya miguu yake mirefu. Nilimshonea kifungo cha koti bila kuombwa. Mafungu mengine yalikuja na kupita, maana hatukukutana kila Jumamosi, mara msiba, mara kipaimara, mara mwalimu ana mafua, na kila fungu lilinibana zaidi. La tatu, baba anakataa kulishwa na mtu mwingine. La nne, shangazi anakuja kusaidia na anaondoka siku ya pili. La tano, binti anafunga mizigo na kuifungua. La sita linaishia ameshika kitasa cha mlango. Wallahi, hapo ndipo wembe ulipopita. Aliyekuwa na la sita alisimulia, akafika mwisho wa karatasi yake, akageuza nyuma kuangalia kama kuna kitu, akasema kwa Kiingereza kwamba mkono uko kwenye kitasa. Akakaa.

Wiki zile mbili za kungoja fungu la saba nilikuwa mkali nyumbani. Nilimgeuza mama kwa haraka kuliko inavyotakiwa. Aliguna, nikajifanya sikusikia. Nasema haya kwa sababu yalitokea.

Jumamosi ya fungu la saba mfugaji alichelewa. Alipofika hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili, akamwamkia mwalimu shikamoo, akamwamkia mama mwenye duka shikamoo, kisha kwa bahati mbaya akaniamkia hata mimi niliye mdogo kwake.

"Mwalimu," alisema, "ndama amelila."

"Amelila nini?"

"Fungu."

Alieleza. Alikuwa akitembea nalo kifuani, ndani ya shati, siku zote za kuzunguka na ng'ombe bondeni kwenye joto, ili asome anapopumzika. Karatasi zililoa jasho, zikakauka, zikashika chumvi. Siku moja akavua shati, akalitundika kwenye uzio wa zizi, karatasi zikiwa ndani. Ndama wakipata kitu cha chumvi hawaulizi kimeandikwa nini. Alikuta amebaki na kona moja na uzi.

Stoo nzima ililipuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe, mwenye kitabu, alicheka mpaka akavua miwani. Mtu mmoja akasema sasa ng'ombe huyo atafaulu mtihani. Mfugaji naye akaanza kutabasamu kwa kuona amesamehewa.

"Ulikuwa umesoma mpaka wapi?" nilimuuliza.

"Kurasa tatu, dada. Mzee anaomba supu."

"Halafu?"

"Basi. Anaomba supu."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia sauti yangu ikisema kitabu cha watu unakipeleka zizini, kwamba mtu mzima na akili zake hawezi kutunza karatasi, kwamba hata mtoto wa darasa la pili asingefanya hivyo. Nilisema na mengine, mabaya zaidi, juu ya wafugaji, ambayo husemwa sana mjini kwetu na ambayo mimi nilikuwa najiona sisemi. Kicheko kilikwisha. Mfugaji akavaa kofia yake.

"Binti," mwalimu alisema, "ni kitabu tu."

Nikatoka nje. Upepo wa Ufipa ulikuwa ukisukuma vumbi barabarani, bodaboda wamejikunyata kwenye makoti yao, nami nikasimama pembeni ya ukuta nikilia machozi ya hasira. Mama mwenye duka akanifuata. Hakunishika bega wala nini. Alisimama tu upande unakotoka upepo.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Nataka kujua alimwachaje baba yake."

"Na kitabu kingekuambia, ungefanya hivyo?"

"Ndiyo," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli na lilinitisha.

Niliporudi ndani nilimwomba radhi mfugaji. Aliipokea, lakini kwa adabu ile ya mtu ambaye hatasahau. Nilimuuliza mwalimu kama anakumbuka, maana alikisoma kitabu kizima ujanani. "Nakumbuka mishumaa," akasema. "Nakumbuka vizuri sana yule msichana. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na moja, binti. Mambo ya wazazi nilikuwa naruka." Akainamisha kichwa, kisha kwa kuwa mwalimu hastaafu kabisa, akatupa kazi: kila mtu aandike mwenyewe, kwa Kiingereza, ukurasa mmoja wa fungu lililoliwa. Na mama mwenye duka akaongeza kwamba Jumamosi ijayo hatutakutana stoo. "Tunakwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni aibu, miezi minne tunasoma na binti yake hatujafika."

Sikutaka. Lakini mtu akisema anakuja kumwona mgonjwa wako, utamzuiaje?

Walikuja wanne: mwalimu, mama mwenye duka, mfugaji na yule wa fungu la sita. Walileta sukari, sabuni na majani ya chai, na mfugaji alileta mchele wa Mtowisa kwenye kimfuko, akaukabidhi kwa mama, si kwangu. Nilikuwa nimemkalisha mama kwa mito mitatu na kumfunga kilemba cha kitenge kizuri. Walikunywa chai. Mama akasema, kwa ule usemi wake wa polepole, "Haya, nisomeeni hicho mnachosoma." Akataka kwa Kiswahili.

Kwa hiyo wakamsimulia, wakipokezana, tangu ngazi hadi kitasa cha mlango. Nilikaa kwenye cherehani nikiangalia sakafu. Kisha kila mmoja akasoma ukurasa wake na kuutafsiri. Mama mwenye duka alikuwa amemuua mzee katika mstari wa pili. "Nimemuua upesi, Mungu anisamehe," alisema, "lakini nilimpa kauli njema." Mwalimu alimrudisha shangazi, akiwa ametubu. Wa fungu la sita aliandika daktari mwenye dawa mpya, mzee akasimama na kwenda dukani kwake. Mfugaji alisoma wa mwisho, na kwake mzee alibebwa kwenye mkokoteni pamoja na godoro, akahamishiwa pwani na binti. "Kwetu mzee hahami na binti kwa mkwe," alisema, "lakini nimewaza, kama ng'ombe wanahama, mzee atashindwaje?"

Mama alicheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. Wote walifurahi kumwona anacheka. Kisha akageuza macho kwangu.

"Na wewe umeandika nini?"

Nilikuwa nimejaribu siku tatu. Kila nilipomwandikia binti afungue mlango, nilijikuta naandika nani kabaki ndani, na hapo Kiingereza kikaniishia, na Kiswahili pia.

"Sijaandika, mama."

Mwalimu akasema chai ilikuwa nzuri. Wakaaga mmoja mmoja, wakimpa mama mkono wa kushoto kwa sababu ndio uliobaki na nguvu, nami nikawasindikiza mpaka njia panda, kisha nikarudi. Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Nikatoa mito, nikamlaza mama, nikamgeuza upande wa ukutani.

Akiwa ameelekea ukutani akaniambia, "Wameandika vizuri."

"Ndiyo."

"Lakini wote wamempangia tu. Hakuna aliyemuuliza yule mzee."

Nilisimama na shuka mkononi. Nikawaza, ndiyo hii sasa, mlango ni huu, anaufungua mwenyewe. Nikasema, "Mama, nikuulize?"

"Usiniulize."

Nikangoja. Alikuwa anatafuta maneno na ulimi ule mzito, na nilizoea kumngoja.

"Ukiniuliza nitasema nenda," alisema. "Mimi ni mama yako, nitasema nenda. Na sitaki uende."

Nilimfunika. Sikulia. Nilimpenda na nilimchukia kwa pamoja, kwa kiasi kilekile, nikaona kwamba amesema kweli kuliko mimi ambaye miezi minne nilikuwa nikitafuta ruhusa kwa mtengeneza mishumaa. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha nje.

Desemba ilipita, na mama wa sare akapata fundi mwingine. Mume wangu bado anapiga simu Jumapili, ila siku hizi anauliza kwanza hali ya mgonjwa, halafu hali ya hewa. Jumamosi naendelea kwenda stoo. Tumeanza kitabu kingine, na Kiingereza changu sasa kingetosha kwa vipimo na zaidi. Nyumbani nikimaliza kumgeuza mama huwa nakaa kidogo ukingoni mwa kitanda, nipumzike. Haniangalii machoni. Ananitazama mdomo, na najua swali analoliogopa.